Kuhusu Karani Anayeuliza Mara Moja

Rumonge, Jumatatu, Agosti 1962

Ndugu Mhariri, amahoro.

Natumaini hujambo, na kwamba huko mjini mmekwisha zoea kuandika Bujumbura badala ya Usumbura juu ya bahasha. Sisi huku bado tunaandika yote mawili ili posta ichague yenyewe.

Kwa miaka mingi nimekuletea habari za mwambao huu: bei ya ndagala, hao dagaa wetu wa ziwani, mitumbwi iliyogongana, moto uliounguza maghala ya Gatete. Sijawahi kukuletea malalamiko. Leo naleta, na naomba uyachapishe mahali ambapo wizara inayohusika na maswali ya mlangoni itayaona. Sijui ni wizara gani. Serikali bado ni changa na huenda wizara hiyo haijapata viti.

Mlalamikiwa ni karani Mushagalusa. Wewe humjui, kwa hiyo nitamweleza bila chumvi. Alitoka upande wa Bukavu, akasomeshwa na mapadri, akaja Rumonge na mashine ya kuandikia iliyofungwa kwenye blanketi. Anakaa barazani pa ghala la mawese, na mashine yake ndiyo pekee tuliyonayo. Barua ya posa, ombi la kibanda sokoni, shitaka la mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, vyote hupita mikononi mwake. Hanywi, hachelewi, hakosei herufi. Barua hii ya kumshitaki anaipiga yeye mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kuipiga, na sasa hivi amenionyesha mahali nilipotaka kuweka nukta na akaweka mkato. Alikuwa na haki.

Utaratibu wake ni huu. Ukitaka kubadilisha kitu katika barua iliyokwisha pigwa, yeye hachomi karatasi. Huandika mabadiliko yako kwa penseli, kati ya mistari, kwa mwandiko mwembamba. Mkimaliza hushika kifuniko cha mashine, na kabla ya kukishusha huuliza: "Mabadiliko haya tuyatunze, tuyafute, ao tusifunge?" Ukisema tuyatunze, hupiga barua upya, safi. Ukisema tuyafute, huchukua kifutio akaisugua penseli yote, na ile barua ya kwanza ikarudi kama ilivyokuwa. Ukisema tusifunge, kifuniko kinabaki mkononi mwake na mnaendelea.

Ukisoma hivyo utasema, huyu ni karani wa kupigiwa mfano. Ndivyo tulivyosema sisi. Sasa sikiliza madhara yake.

1. Kwamba anauliza mara moja tu.

Ndugu Mhariri, wewe ni mtoto wa watu. Ukiingia nyumba ya mtu saa ya chakula, akakuambia karibu tule, unajibu nini? Unajibu hapana, murakoze, asanteni, nimetoka kula sasa hivi, hata kama hujala tangu jana. Anakukaribisha tena. Unasema hapana, msijisumbue. Anakukaribisha mara ya tatu, unanawa mikono. Mtu anayenawa katika karibu ya kwanza, huku kwetu watu huuliza alilelewa na nani. Na mwenye nyumba anayeishia kwenye karibu ya kwanza, wageni wake husimuliana habari zake mpaka Kabonga.

Mushagalusa ameishi nasi siku zote hizo, amekaribishwa na amekula, lakini akishika kifuniko cha mashine anasahau yote. Anauliza. Unajibu kama mtu mwenye mama. Anachukua hilo jibu na kulitekeleza. Nilipomwendea kumweleza kwamba hapana ya mtu mwenye adabu ni salamu tu, alinitazama kwa upole akasema, "Nimeuliza. Amesema hapana. Hapana iko hapana, mwandishi." Nikamwambia hiyo ni sheria ya mapadri. Akasema mapadri wenyewe walijifunza kwa mama yake.

2. Kwamba kwa njia hiyo alirudisha hotuba ya uhuru mahali ilipotoka.

Unakumbuka nilikuletea ripoti ya sherehe zetu za tarehe mosi Julai. Ukanirudishia ukiuliza kama nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Niliripoti maneno kama yalivyosemwa, ndiyo kazi yangu. Sasa nakueleza jinsi yalivyosemwa.

Kamati ya sherehe ilimchagua Mzee Suud bin Abdullatif atoe hotuba. Mzee Suud ndiye mwenye duka kubwa la Rumonge. Baba yake alizaliwa hapa na babu yake kazikwa hapa, lakini siku zile wapo walioanza kunong'ona sokoni kwamba watu wa asili ya Uarabuni hawajulikani wako upande gani. Kwa hiyo hotuba ile kwake haikuwa kazi ya kupitisha saa. Alitaka kusimama mbele ya watu wote na kusema yeye ni mtu wa hapa, na akae chini jambo hilo likiwa limekwisha.

Rumonge ina hotuba moja tu iliyowahi kupigwa mashine. Ilitungwa miaka ya nyuma, siku tulipotembelewa na mkubwa mmoja wa Wabelgiji. Kamati ikaona si busara kuitupa karatasi nzuri. Ikakaa na Mushagalusa, ikaibadilisha kwa penseli, na nakiri ilikuwa kazi ya ustadi. Palipoandikwa "nyumba yetu ni nyumba yako" pakawa "nyumba yetu ni nyumba yetu." Palipoandikwa "tunakuomba usituache" pakawa "tunakuomba usisahau kitu chochote." Palipoandikwa "tumekuzoea kama mtoto alivyomzoea mama" pakapigwa mstari. Kwa kuhamisha maneno machache tu, tukapata uhuru kamili.

Ilikuwa saa sita mchana. Mzee Suud aliona jasho kwenye paji la uso wa karani, akasikia pia harufu ya samaki wa mukeke ikitoka jikoni kwa karani. Mushagalusa akashika kifuniko akauliza swali lake. Mzee Suud, ambaye adabu yake inajulikana pande zote mbili za ziwa, akasema, "Hapana, mwanangu, usijisumbue." Kisha akasubiri kuulizwa mara ya pili.

Mushagalusa akachukua kifutio. Akafuta vizuri, bila kuacha hata kivuli cha penseli. Mzee Suud alidhani ameondoa vumbi. Akapokea bahasha, akashukuru, akaenda kuiweka chini ya msahafu.

Siku ya siku akaifungua mbele ya umati, bendera mpya juu ya kichwa chake, na akaisoma kwa sauti ile yake nzuri. Akamwambia Bwana Agronomu, yule bwana shamba aliyekuwa Mbelgiji wa mwisho kubaki Rumonge na aliyekaa mstari wa mbele akisubiri kuagwa, kwamba tumemzoea kama mtoto alivyomzoea mama, kwamba nyumba yetu ni nyumba yake na chungu chetu ni chungu chake, na kwamba tunamwomba asituache. Mzee Suud alitambua kosa alipofika kwenye mama. Lakini mtu hawezi kukata sentensi yenye mama katikati. Akaimaliza, na ile iliyofuata pia.

Watu walipiga makofi. Watu wetu walielewa. Mgeni anayeondoka lazima aambiwe baki, wala hakuna anayekusudia abaki. Vestine, muuzaji wa ndagala, aliyekuwa karibu nami, alisema, "Huyu muzee anajua kuaga, sivyo kama nyinyi!" Mpaka hapo hapakuwa na hasara.

3. Kwamba Bwana Agronomu alikubali.

Hili, Ndugu Mhariri, ndilo tunda chungu la kuuliza mara moja, maana mtu anayekubali mara moja ni ndugu wa anayeuliza mara moja. Bwana Agronomu alisimama, akajifuta macho kwa leso, akasema kwa Kiswahili chake cha mashambani, "Basi. Mimi nitabaki." Lori lililokuja kumchukua likarudi tupu. Nyumba yake ya kazi alikuwa amekwisha kuikabidhi kwa ofisi ya komine, ufunguo na yote. Kwa kuwa chungu kilichotajwa kilikuwa cha Mzee Suud, masanduku yake yakapelekwa kwa Mzee Suud.

Yako huko mpaka leo. Duka la Mzee Suud ni chumba cha mbele cha nyumba yake, kama unavyojua maduka yetu. Masanduku yamepangwa mbele ya pipa la mafuta ya taa. Huwezi kuyahamisha, maana kuhamisha masanduku ya mgeni ni kumwambia aende. Huwezi kuuza chumvi kichwani pa mgeni anayekula, maana hiyo ni aibu. Na mgeni anakula. Duka limefungwa. Bila mafuta ya taa karabai haziwaki, bila karabai ndagala hawaji kwenye nyavu, na bila ndagala Vestine anapita kila asubuhi mbele ya mlango ule uliofungwa akiuliza kwa sauti, "Muzungu hajashiba bado? Tumupatie ng'ombe nzima?"

Mzee Suud amekonda. Anakaa na mgeni wake asubuhi, mchana na jioni, akiongea naye habari za michikichi. Kila mgeni anapojaribu kunyanyuka, Mzee humwambia kaa bado mapema, kwa kuwa hakuna neno lingine analolijua la kumwambia mtu anayenyanyuka. Mkewe, Bi Kulthum, amepika pilau, amepika maharagwe, amepika ugali wa muhogo, na wiki iliyopita alimwekea mgeni sahani ile ile ya jana yake bila kuipasha moto. Huku kwetu hilo ni tangazo la vita. Mgeni akashukuru akasema chakula kilicholala kina ladha zaidi.

Lakini kinachomuumiza Mzee si pilau. Ni kwamba wale wanong'onaji sasa hawanong'oni. Wanasema wazi: tumepata uhuru, na Suud amejifungia na Mbelgiji wake.

4. Kwamba chaguo la tatu halina mwisho.

Fundi baiskeli Amissi alikuwa na ombi la kibanda sokoni. Alipoulizwa, aliogopa yaliyompata Mzee Suud, akasema tusifunge. Mushagalusa hakufunga. Amissi akaenda nyumbani kulala. Asubuhi karani akamkumbusha kwamba mambo yake hayajafungwa. Amissi akaogopa tena. Basi kila siku huacha baiskeli za watu zikiwa zimefunuliwa matumbo, anakwenda kukaa mbele ya mashine kuhakikisha haifungwi, na wateja wengine hupigiwa barua zao juu ya ombi lake, likiwa limekunjwa pembeni mwa mashine. Ombi la kibanda halijatoka. Kibanda kimepewa mtu wa Bugarama.

5. Kwamba maradhi haya yameambukiza mafundi wengine.

Mabaya hujifunzwa upesi. Kinyozi Abasi naye sasa, kabla ya kufunga wembe, humuuliza mteja: "Mabadiliko haya tuyatunze?" Mtu mmoja wa heshima, ambaye simtaji kwa sababu ni mimi, alijibu hapana, usijisumbue. Abasi akazikusanya nywele chini, akazifunga kwenye karatasi, akamrudishia.

Mama mmoja wa Gatete aliyetaka kuachana na mumewe alikwenda nyumbani kwao. Baba yake akamwuliza mara moja tu kama anataka kurudi kwa mume, akasema hapana, na baba, aliyesikia habari za Mushagalusa na kuona ni maendeleo, akaamini. Mume amekuja na ndizi na wazee na kuomba kwa adabu zote, na mwanamke mwenyewe yuko tayari ndani na mkeka wake ameukunja, lakini baba anasema hapana iko hapana. Unaona tunakoelekea. Nyumba zetu zote zimesimama juu ya hapana ya kwanza isiyohesabiwa. Iondoe, na paa litatuangukia.

6. Kwamba hata Ubelgiji ilifunga bila kuuliza, nalo ni kosa lile lile kwa upande wa pili.

Nimefikiri sana kuhusu hili, na naliandika nikiwa na akili timamu. Kwa miaka mingi waliandika juu yetu kwa penseli. Walitupangia mistari ya michikichi, wakatupangia siku za kulima muhogo, wakabadilisha majina ya barabara, kodi, na saa ya kulala. Kisha siku ya mwisho wakachukua kifuniko wakafunika. Nani alituuliza: haya tuyatunze, tuyafute, ao tusifunge? Michikichi ingali kwenye mistari. Kodi nayo haikufutika, nimeiona. Kama Mushagalusa ana kosa la kuuliza mara moja, hawa wana kosa la kutouliza kabisa. Na kama tungeulizwa, bila shaka tungejibu kwanza, hapana, msijisumbue, na hapo ndipo ungeona balaa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mambo haya yafanyike.

Mosi, itungwe sheria kwamba kila mtu anayefunga kitu, iwe mashine, duka, mkutano au nchi, aulize mara tatu. Mara ya kwanza ihesabiwe kuwa salamu. Mara ya pili iwe swali. Mara ya tatu tu ndiyo ichukuliwe kuwa jibu.

Pili, Mushagalusa apewe karani msaidizi, mtu mzima wa Rumonge, ambaye kazi yake itakuwa kusimama nyuma yake na kusema "lakini baba, kweli hutaki?" wakati wowote mteja anaposema hapana.

Tatu, hotuba ya Mzee Suud itangazwe katika gazeti lako kuwa haikuwa hotuba yake. Chapisha ile ya penseli. Ninayo kichwani, neno kwa neno. Chapisha "nyumba yetu ni nyumba yetu" kwa herufi kubwa, ili wale wa sokoni waisome na Mzee aweze kupita mbele yao bila kuangalia miguu yake.

Nne, pawepo afisa wa serikali atakayemwambia Bwana Agronomu aende. Sisi hatuwezi. Tulimwomba abaki.

Kama hayo hayawezekani yote, basi Mushagalusa arudishwe kwa mapadri wakamfundishe upya, na mashine yake ibaki hapa. Naona ameipiga sentensi hiyo bila kutingishika. Ameniuliza tu kama "mapadri" iandikwe kwa herufi kubwa.

Nisalimie wote wa chumba cha habari, na yule mpanga herufi anayekunywa chai yangu kila nikija. Nisalimie mama watoto na watoto. Bi Kulthum anawasalimu wote na anauliza kama huko Bujumbura kuna mtu anayehitaji mgeni. Vestine anasalimu pia, ila salamu zake zimeishiwa mafuta.

Ni mimi mwandishi wenu wa mwambao,

Mbaraka Uledi

Nyongeza. Hii naiandika kwa kalamu, siku ya Alhamisi, maana mashine imekwisha funikwa.

Ndugu Mhariri, Bwana Agronomu ameondoka. Jana Mushagalusa alipita kwa Mzee Suud kuomba tone la mafuta ya taa kwa ajili ya mashine yake. Akakuta watu wanakula, akayaona masanduku, na akamwuliza mgeni mbele ya wote, kwa sauti ile ile anayotumia kazini: "Bwana, iko unaondoka ao iko unabaki?" Bwana Agronomu akaweka kijiko chini, akasema, "Naondoka." Akasema ametaka kuondoka tangu siku ya pili baada ya sherehe. Aliambiwa zamani na watu wa hapa kwamba neno la kwanza la mtu wa Rumonge si neno, na kwamba kumkatalia mwenye nyumba ni kumtukana. Kwa hiyo kila alipoambiwa kaa bado mapema, alikaa. Alikuwa akingoja kufukuzwa mara tatu. Alikuwa hajafukuzwa hata mara moja.

Lori lilipatikana jioni. Mlangoni Mzee Suud alifungua mdomo akaanza, "Kaa basi hata kesho," na Bi Kulthum akamkanyaga mguu. Leo asubuhi duka limefunguliwa na Vestine amekuwa wa kwanza kwenye foleni. Alipokea mafuta yake, akamwambia Mzee mbele ya watu wote, wanong'onaji wakiwemo, "Muzee, siku nitakapokufa, weye ndiye uniage." Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu Juni.

Kwa hiyo nilirudi kwa Mushagalusa nikabadilisha barua hii yote. Niliondoa malalamiko, niliondoa sheria ya mara tatu na karani msaidizi na mapadri. Mahali pake niliweka aya moja tu, ikisema kwamba Rumonge ina mtu mmoja anayeuliza mara moja na kuamini jibu, na kwamba mji usio na hata mtu mmoja kama huyo utakaa na wageni wake mpaka kiama. Ilikuwa aya nzuri. Aliiandika yote kwa penseli, kati ya mistari, na nilimwona akikohoa kidogo alipofika kwenye jina lake.

Kisha akashika kifuniko akaniuliza tuyatunze, tuyafute, ao tusifunge. Ilikuwa saa sita. Harufu ya mukeke ilikuwa inatoka jikoni kwake. Nikamwambia hapana, ndugu yangu, usijisumbue.

Barua uliyosoma ndiyo ile ya Jumatatu.

Kuhusu kuichapisha: hapana, Mhariri, usijisumbue. Hii ni hapana ya kwanza.